Huduma ya ushauri nasaha kazini (kampuni ya utalii, Arusha): mshauri safi sana, semina hapana

Watu wamekuwa wakiniuliza kuhusu ile huduma ya ushauri nasaha ambayo kampuni yetu ilitulipia, hasa wenzangu wa kampuni zingine za utalii hapa mjini ambao mabosi wao nao sa hivi wameanza kuongelea afya ya akili kazini, kwa hiyo badala ya kumjibu kila mtu kivyake naandika hapa mara moja. Jina la kampuni yetu siweki, na la hao watoa huduma pia siweki maana kuna mambo ntawasema humu, anayetaka namba aje inboksi. Mi niko rizavesheni, yaani tunaopanga safari za wageni, siyo HR wa mambo ya wafanyakazi, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyetumia huduma, siyo ya mtu aliyesaini hundi.

Kwa kifupi ni hivi: mshauri mwenyewe nyota tano, semina yao nyota moja na hiyo moja ni ya pilau, programu yao ya simu usijaze bure memori, na kitu kilichonisaidia kuliko vyote wala hakikuwepo kwenye vile vitu tulivyotangaziwa siku ya kwanza.

Tulichotangaziwa kilikuwa semina ya siku nzima kwa wafanyakazi wote, vikao sita vya siri kwa mwaka kwa kila mfanyakazi ambavyo kampuni inalipa, simu ya msaada masaa 24, hiyo programu ya simu, na kikao cha mameneja peke yao. Mkataba ulianza kipindi cha masika, mwezi wa tano, wageni hamna, ofisi imepoa, kila mtu ana muda wa kuambiwa avute pumzi. Sa kama unafanya kazi hizi unajua kwamba masika siyo kipimo, kipimo ni kuanzia mwezi wa saba nyumbu wakianza kuvuka mto Mara, lodji zimejaa, gari zote ziko porini na mawakala wa Marekani wanaotuletea wageni wanaamka wakati wewe unakula cha usiku. Chicago ikiwa saa nane mchana huku kwetu ni saa nne usiku. Hapo ndo utajua kama hela imeenda kwenye kitu cha maana.

Semina naipitia haraka maana haina mengi. Ilifanyika Jumamosi jamani, yaani semina ya kutufundisha kupumzika imewekwa siku ya mapumziko, kwenye bustani ya hoteli, tisheti tumegawiwa za rangi moja, asubuhi yoga kwenye nyasi zenye umande, mhasibu wetu mama wa watu kaja na kitenge chake anaambiwa ainue mguu, na mpiga picha anazunguka kila kona kwa ajili ya ukurasa wa kampuni. Slaidi ya kwanza ilikuwa zile takwimu za Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani za 2022, kwamba sonona na wasiwasi vinakula siku za kazi kama bilioni 12 kila mwaka duniani na hasara yake ni dola trilioni 1. Nikageuka kuangalia meza ya mabosi, kila mtu kalamu mkononi anaandika. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia saa. Siyo kwamba takwimu ni mbaya, ila ni takwimu ya kumuuzia mwajiri, mfanyakazi ukimwambia dunia inapoteza trilioni anakuuliza na mimi ovataimu yangu ya mwaka jana iko wapi. Swali hilo liliulizwa kweli na likajibiwa kwa kuambiwa tushikane mikono tufumbe macho. Pilau ilikuwa nzuri.

Programu ya simu nayo ni Kiingereza mwanzo mwisho, kuna sauti ya mama wa Kimarekani anakwambia ufikirie uko kwenye treni unatoka kazini na nje theluji inaanguka, alafu kila asubuhi inakuuliza leo unajisikiaje uchague kikatuni. Inakula bando. Na madereva ambao ndo wanaihitaji zaidi wako zao porini Ndutu huko mtandao unaupata ukipanda juu ya gari. Hamna aliyeitumia zaidi ya wiki, na sidhani kama hata HR anayo.

Sasa mshauri. Huyu dada kwakweli anajua kazi yake. Wengi pale ofisini wanamuita dokta na kila mara anawasahihisha kwamba yeye ni mwanasaikolojia, haandiki dawa, anayehitaji dawa anampa barua aende hospitali, kwa sisi wa huku inakuwa Mount Meru au wengine wanaona bora washuke Moshi KCMC wasikutane na majirani. Kikao cha kwanza kabla hujaongea chochote anakwambia nini kitabaki kwake na nini hakiwezi kubaki, kwamba ukionyesha dalili za kutaka kujidhuru au kumdhuru mtu hapo itabidi amshirikishe mtu mwingine na atakwambia kwanza kabla hajafanya hivyo, mengine yote hata bosi akimpigia magoti hasemi. Alisema kavukavu tu bila mbwembwe, mi nikamuamini.

Ofisi yao ni nyumba ya kawaida ya kupanga kule Njiro, sebule ndo mapokezi, chumba cha ndani kuna viti viwili vimekaa kiupande ili msitazamane uso kwa uso muda wote, saa ya ukutani iko nyuma yako anaiona yeye tu, na boksi la tishu liko kwenye kameza pembeni karibu na dirisha, halijawekwa mbele yako kama umetegewa ulie. Vitu vidogo lakini vinaonyesha mtu kafikiria. Hahubiri pia. Mji huu ukisema una mawazo watu watatu wanakupa namba ya mchungaji na mmoja anakuelekeza kwa babu, yeye aliniuliza tu kama nasali wapi na kama huko napata watu wa kuongea nao, bas tukaendelea.

Shida yangu ilikuwa kwamba nimefika mahali mgeni akiandika imeili kuuliza Tanzania wanatumia plagi ya namna gani nasikia hasira kana kwamba kanitukana, swali la kawaida kabisa ambalo miaka yote nimelijibu na tabasamu. Mlio wa WhatsApp ukilia hata wa simu ya mtu mwingine kwenye kifodi (daladala zetu ndogo) moyo unapiga paa. Nalala nane usiku naamka kumi na moja. Yeye akaniambia kuna vitu vitatu anavitazama, uchovu ambao ukilala hauishi, kuanza kuichukia kazi yenyewe na watu wake, na kujiona unachofanya hakina maana tena, na kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walipoandika uchovu wa namna hii kwenye orodha yao hawakuuweka kama ugonjwa, wameuweka kama jambo linalotokana na kazi, yaani msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Kwangu hiyo ilikuwa nafuu kubwa kuliko mazoezi yote ya kupumua, maana nilikuwa nishaanza kujiona nina kasoro mimi, nimekuwa mvivu, sina shukrani wakati vijana wangapi mtaani wanaitafuta hiyo kazi. Akaniuliza swali moja likanikaa, "Dada, simu ya kazi inazimwa saa ngapi?" Nikacheka. Hakucheka. Akasema hilo siwezi kulitibu mimi kwenye hiki chumba, ila kuna mahali pa kulipeleka.

Kabla sijafika huko niseme mabaya yao, maana yapo na yalikuwa karibu yaharibu kila kitu.

La kwanza, kujiandikisha. Mwanzoni HR alipitisha karatasi mezani, jina, idara, siku unayotaka kumuona mshauri, saini. Karatasi ya wazi, imebanwa kwenye kile kibao cha bluu cha kuandikia! Ilizunguka ofisi nzima ikarudi haina jina hata moja, sanasana kuna mtu kachora nyumbu. Halafu ripoti ya kwanza ikasema wafanyakazi hawaonyeshi mwitikio. Mwitikio gani jamani, nani ataandika jina lake kwamba anaenda kwa mshauri wa akili karatasi ambayo bosi ataishika? Baadae wakatoa namba ya simu unapiga moja kwa moja kwao bila kupita ofisini, na hapo ndo watu wakaanza kwenda kimyakimya.

La pili, getini. Ukifika pale Njiro mlinzi anakupa daftari la wageni, lile kaunta buku la kawaida lenye mistari, uandike jina, kampuni unayotoka, namba ya simu na unakwenda kumuona nani. Sasa mi nashika kalamu niandike, mstari wa juu yangu nakuta jina la mtu wa ofisini kwetu na muda aliofika. Siku hiyo hiyo nilimwambia mshauri na alishtuka kweli, alikuwa hajawahi kuliangalia hilo daftari maana yeye anapita na gari. Niliporudi mara nyingine halikuwepo, mlinzi anauliza tu una miadi saa ngapi anafungua. Vizuri wamerekebisha haraka lakini unajiuliza kabla yetu wameandikwa wangapi, na daftari lenyewe liko wapi.

La tatu, ripoti wanazompa mwajiri. Hawataji majina, ni kweli, wanaweka idadi tu, lakini waliigawa kwa idara na jinsia. Uhasibu tuna wanawake wawili. Ukiandika uhasibu, mwanamke, mmoja, hapo umeficha nini? Kama unasoma hili na wewe ni HR, dai ripoti ya kampuni nzima kwa jumla, na kama kampuni ni ndogo sana usidai ripoti kabisa, waambie wakuletee idadi ya vikao vilivyotumika ulipe hela yao.

Na ile simu ya masaa 24, usiku inaita tu. Nilipiga kipindi kile cha mwezi wa nane mambo yamenielemea, ikaita mpaka ikakata, asubuhi ikaja meseji kwamba tumeona ulitupigia. Mi nilikuwa na presha ya kazi tu nikanywa maji nikalala, lakini mtu mwenye hali mbaya zaidi ungemwambia nini asubuhi? Hili sijaona wamelirekebisha na ndo linaniuma kuliko yote, bora wangeandika wazi kwamba simu inapokelewa mpaka saa mbili usiku ili mtu atafute msaada kwingine mapema.

Haya, madereva. Hawa ndo niliokuwa na hamu ya kuona watafanywaje maana unawajua kaka zetu wa Chuga (Arusha), ukimtajia mshauri anakwambia mi sio chizi, mwanaume ni kukaza. Semina hawakuja, walikuwa porini, na waliokuwepo mjini walisema wana gari gereji. Yule dada hakuwaita Njiro. Alikuja mwenyewe yadi asubuhi wakati wanaosha magari, kavaa raba, kaja na chupa kubwa ya chai ya tangawizi na chapati za kuagiza pale jirani, akakaa kwenye tairi la spea. Muda mrefu hakuuliza kitu, anasikiliza wanavyobishana kuhusu springi. Alafu akauliza kiutani tu, kaka zangu nani kati yenu usiku wa kwanza akirudi nyumbani anapata usingizi? Wakacheka, wakatupiana mpira, mpaka mzee mmoja dereva wa siku nyingi akasema mi nikifumba macho naona barabara inakuja. Hapo ndo wakafunguka. Rafu rodi ya kutoka geti la Loduare la Ngorongoro mpaka Naabi, geti la Serengeti, inavyowatoa migongo, mgeni anayenuna kwa sababu chui hakutokea na tipu inapungua kwa kosa la chui, mtoto anaumwa nyumbani wewe uko Kogatende, kaskazini ya Serengeti, simu haishiki unapata meseji kumi kwa pamoja jioni, na kubwa kuliko zote, kushusha wageni uwanja wa ndege wa KIA mchana na kupokea wengine usiku huohuo. Mi nilikuwa nimeenda kupeleka vocha za lodji nikajikuta nimesimama pale na bahasha mkononi. Miaka yote napanga hizo safari kwenye kompyuta, naunganisha tarehe kwa tarehe, sikuwahi kusikia upande wa pili unaongea hivyo.

Kuna mmoja baada ya hapo alienda Njiro mwenyewe, sisemi zaidi. Najua kwa sababu anawaambia wenzake hadharani kwamba kule ni pazuri, nendeni.

Sasa lile lililotusaidia, ambalo lilizaliwa kwenye kikao cha mameneja. Kikao cha mameneja kwenye mkataba kilikuwa kimeandikwa mstari mmoja tu chini kabisa, na nasikia mabosi walitaka kukiruka kwa sababu sizoni ilikuwa inaanza. Mshauri aligoma. Aliwaambia miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 kuhusu afya ya akili kazini haianzi na mfanyakazi kupumua, inaanza na kazi yenyewe ilivyopangwa na mameneja kufundishwa, kwa hiyo kama hawana nusu siku ya kukaa basi warudishiwe hela ya vikao vilivyobaki. Tumesimuliwa na meneja wa operesheni ambaye alitoka humo ndani amebadilika, anatembea na namba kichwani kwamba utafiti wa yale mashirika mawili, la Afya na la Kazi Duniani, wa 2021 unaonyesha anayefanya kazi saa 55 na kuendelea kwa wiki hatari ya kiharusi inapanda kwa asilimia 35 ukimlinganisha na wa saa 35 mpaka 40, na yeye baba yake alipata kiharusi. Akakaa akapiga hesabu za timu yake. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ovataimu isizidi saa 50 kwa wiki nne na ilipwe mara moja na nusu, mapumziko angalau saa 24 mfululizo kila wiki, likizo siku 28 kwa mwaka. Haya yote yako kwenye mikataba yetu, yamelala tu humo.

Kilichotoka ni kitochi. Yaani kampuni ilinunua simu ndogo ya batani, haina WhatsApp kwa makusudi, na hiyo ndo simu ya zamu. Baada ya saa mbili usiku madereva, lodji na wageni walioko nchini wakipata dharura wanapiga hiyo namba, na anayeishika wiki hiyo anafidiwa siku ya mapumziko. Imeili ya wakala wa ng'ambo siyo dharura, itajibiwa asubuhi, na sasa chini ya imeili zetu kuna mstari unasema hivyo. Grupu la WhatsApp la kazi ni wasimamizi tu wanaweza kuandika usiku, na wamekatazwa. Kitochi kinapokezana Jumatatu asubuhi pamoja na chaja yake iliyofungwa na raba bendi, na sizoni nzima nilikipokea kwa zamu yangu nikakuta usiku mwingi hakilii kabisa. Ule moto wote wa usiku kumbe karibu wote ulikuwa ni maswali ya plagi. Wakala mmoja alilalamika, akajibiwa kwa adabu, akaendelea kuleta wageni.

Madereva nao wamepata siku nzima katikati ya safari na safari. Siyo kila mara, mwezi wa nane ilivunjwa, na walilalamika kwa sauti kitu ambacho zamani wasingefanya.

Jambo la likizo ya ugonjwa niwaambie na hili maana wengi hawajui: sheria inatoa siku 126 kwa mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, na haijasema ugonjwa ni malaria peke yake. Unachohitaji ni cheti cha daktari anayetambulika, kwa hiyo barua ya mwanasaikolojia pekee inaweza isikufikishe, mwambie akuelekeze kwa daktari mapema. Mshauri wetu hili analijua vizuri, ofisi yetu ilikuwa hailijui.

Kama huna kampuni ya kukulipia, kikao cha saa moja kwao ni elfu hamsini. Siyo hela ndogo kwa mtu wa mshahara wa kawaida, ila ukienda mara mbili ukiwa na swali lako limenyooka unapata kitu. Usafiri rahisi, kifodi cha Njiro kinakuacha barabarani unatembea kidogo, na chukua miadi ya asubuhi, jioni wanajaza.

Kabla kampuni yenu haijasaini waulizeni hao watoa huduma, hawa au wengine, simu ya usiku inapokelewa na nani, ripoti inaonekanaje, daftari la getini lipo, na kikao cha mabosi kinaanza lini. Wakikwepa hilo la mwisho msilipie. Na semina mkatae au muiombe siku ya kazi.

Kitu ambacho bado hakijakaa sawa ni nani anahesabika kuwa mfanyakazi. Walinzi wetu na dada wa usafi wameajiriwa na kampuni nyingine kwa hiyo vikao hawana, na wapagazi wa mlimani wanaitwa kwa safari kwa hiyo nao hawamo, wakati wa kwanza kupigiwa kelele mambo yakiharibika ni hao. Nilimuuliza HR akasema itaangaliwa kwenye mkataba mpya mwezi wa kwanza. Nikipata jibu ntaongezea hapahapa chini.